Maswali yenu: kupanga upya msimbo unaotunga SQL ndani ya ORM

Siku hizi maswali yanayokuja yanafanana sana, watu wengi wako ndani ya maktaba za ORM, yaani zile zinazogeuza vitu vya programu kuwa kweri, yaani maswali ya kuuliza databesi, na sehemu inayotunga SQL, lugha ya kweri hizo, imeshakuwa pori, kila mtu anaogopa kuigusa. Nimechukua sita nijibu.

Maktaba yetu ina fanksheni moja ya mistari zaidi ya elfu, stringi juu ya stringi, if ndani ya if. Nataka kuipanga upya, nianzie wapi?

Usianze kwa kufuta. Anza kwa kurekodi. Endesha testi zote ulizonazo na kila SQL inayotoka iandike kwenye faili pamoja na thamani zake, hiyo ndo picha ya hali ilivyo leo, mazuri na mabaya yake yote. Halafu kila ukibadilisha kitu kidogo unalinganisha. Lakabu, yaani majina mafupi ya majedwali ndani ya kweri kama t1, t2, zitakusumbua maana zinabadilika ukigusa mpangilio tu, kwahiyo zipe majina ya kudumu kabla ya kulinganisha. Na ukikuta kosa la zamani humo ndani, jamani usilirekebishe kwenye badiliko hilohilo! Liandike pembeni, lije na badiliko lake. Ukichanganya kupanga upya na kurekebisha, siku matokeo yakibadilika hutajua ni kipi kimeyabadilisha.

Nimehamisha tu sehemu inayotengeneza JOIN nikaitoa kwenye ile fanksheni kubwa, sasa ripoti zinarudi tupu na databesi hailalamiki kabisa. Nimeangalia SQL iko sawa. Shida nini?

SQL iko sawa ndiyo, angalia thamani. Hili nalijua vizuri, niliwahi kukaa nalo siku mbili nzima nikisoma maandishi ya kweri neno kwa neno wakati tatizo halikuwepo humo. Tuseme kweri yako ni hii:

`SELECT w.jina FROM wateja w JOIN oda o ON o.mteja_id = w.id AND o.hali = ? WHERE w.aina = ?`

Mtumiaji ameita filter ya aina kwanza, anataka wateja wa 'jumla', halafu ndo akaongeza JOIN ya oda zenye hali 'imelipwa'. Kama msimbo wako unakusanya thamani kwenye orodha moja ya pamoja kadiri zinavyoingia, orodha itakuwa 'jumla', 'imelipwa'. Lakini kwenye maandishi JOIN inatangulia WHERE, kwahiyo alama ya `?` ya kwanza ni ya hali, na databesi inaenda kutafuta oda zenye hali 'jumla', ambazo hazipo. Zote ni stringi, itakulalamikia nini? Na wewe una bahati umepata ripoti tupu, zingekuwa namba mbili mfano id ya mteja na id ya tawi, ungepata data ya mtu mwingine kabisa, na hapo ndo inatisha kweli.

Dawa yake ni moja na mimi ningeiweka kabla ya usafi mwingine wowote: kipande cha SQL na thamani zake visitenganishwe kamwe. Kila fanksheni ndogo irudishe viwili kwa pamoja, maandishi na orodha ya thamani zake, na ukiunganisha vipande viwili unaunganisha maandishi na orodha kwa mpangilio uleule. Django, mfumo wa Python wenye ORM yake, inafanya hivyohivyo, kila nodi, yaani kila kipande cha kweri, ina as_sql inayorudisha maandishi pamoja na paramita zake, ndo hizo thamani. Ukishafanya hivyo unaweza kuhamisha JOIN, kuingiza kweri ya ndani kwenye SELECT, chochote, thamani zinafuata zenyewe. Ila kama unatumia PostgreSQL, zile $1 na $2 zinazoshika nafasi ya `?` usizipe namba mapema, subiri mpaka kweri yote imeshaungana ndo uhesabu mara moja kuanzia mwanzo, vinginevyo kila kipande kitakuja na $1 yake.

Kila mtu ananiambia nijenge mti wa kweri kwanza halafu ndo niugeuze kuwa SQL. Ni lazima? Naona ni kazi kubwa.

Kama una databesi moja na kweri nyepesi, si lazima, vipande vyenye thamani zake kama nilivyosema hapo juu vinatosha na utaishi navyo vizuri. Mti, yaani kweri ikiwa bado nodi zilizopangana kabla haijawa maandishi, unakuwa lazima pale databesi zinapokuwa mbili au zaidi, kwa sababu SQL ina lahaja na tofauti zake si za neno mojamoja. Chukua kugawa matokeo kwa kurasa. PostgreSQL na MySQL unaongeza LIMIT mwishoni basi. SQL Server kuanzia toleo la 2012 ina OFFSET na FETCH lakini haikubali bila ORDER BY. Oracle kabla ya 12c ilibidi kweri yote uifunge ndani ya kweri nyingine ukachuje kwa ROWNUM huko nje. Sasa ukiwa na stringi iliyokwisha kuungana unaifungaje ndani ya nyingine bila kuanza kuichanachana? Ukiwa na mti unaongeza nodi juu yake, imeisha.

Wakubwa nao wameipita njia hii. Django ilipangwa upya kwenye tawi la queryset-refactor lililoingizwa 2008, kabla ya toleo la 1.0 la mwaka huohuo. Rails 3 ya 2010 ikaweka Arel, maktaba ya kujenga mti wa kweri, chini ya Active Record, ORM yake. Hibernate 6, ORM ya Java, ya 2022 ikaja na mti mpya wa kweri, na humohumo wakaacha kusoma matokeo kwa jina la kolamu wakawa wanasoma kwa nafasi, kwahiyo zile lakabu ndefu zilizokuwa zinajaza SELECT hazihitajiki tena. Hilo la mwisho nalipenda sana, maana usafi wa upande wa kusoma umerahisisha upande wa kuandika.

Filter ikipewa orodha tupu kweri inakufa. Niweke if?

Weka, lakini iwe sehemu moja tu, kwenye nodi ya IN yenyewe. `IN ()` PostgreSQL na MySQL zinaikataa, SQLite inaikubali, kwahiyo kama testi zako ni za SQLite zitapita tu. Orodha tupu kwenye IN iwe `1 = 0`, kwenye NOT IN iwe `1 = 1`. Na orodha ya NOT IN ikiwa na NULL hata moja hupati rekodi yoyote, hiyo iamue mapema. Halafu kuna ukomo: SQL Server inaishia paramita 2,100 kwa kweri moja, PostgreSQL 65,535.

Thamani zetu zote zinapita kwenye paramita. Basi SQL injection tumeshaimaliza?

Hapana. SQL injection ni mtu kupenyeza SQL yake ndani ya kweri yako, na majina ya kolamu, majedwali na lakabu hayawezi kupita kama paramita, yanaandikwa moja kwa moja kwenye maandishi, na huko ndo mlango unabaki wazi. Django yenyewe ilirekebisha kosa la usalama la aina hiyo, CVE-2021-35042, kwenye order_by, mwaka uliofuata CVE-2022-28346 kwenye lakabu za annotate na aggregate. Kwahiyo wakati unapanga upya, jina lipe aina yake ya data tofauti na stringi ya kawaida, na njia ya kulitengeneza iwe moja tu: likaguliwe kama lipo kwenye modeli, halafu lifungwe kwa alama za lahaja husika, na alama hiyo ikiwemo ndani ya jina inarudiwa mara mbili.

Tumemaliza, testi zote kijani, tumepeleka kwa watumiaji, mfumo umekuwa mzito. Matokeo ni yaleyale. Imekuwaje?

Matokeo yaleyale hayamaanishi njia ileile ya kuyafikia. Angalia kama kolamu imeanza kufungwa ndani ya fanksheni, mfano `LOWER(barua_pepe)`, hapo indeksi ya kawaida ya kolamu hiyo haitumiki tena. Angalia kama JOIN imegeuka kweri ya ndani inayorudiwa kwa kila rekodi. Na angalia IN: kama kila urefu wa orodha unazaa maandishi mapya, kashe, yaani hifadhi ya kweri zilizokwisha kutungwa, inajaa zinazofanana bila kusaidia. SQLAlchemy, ORM nyingine ya Python, ilipoleta kashe ya SQL kwenye toleo la 1.4 ilibidi orodha za IN ziwe zinapanuliwa mwishoni kabisa wakati wa kutekeleza, ili kweri moja ibaki moja kwenye kashe hata orodha ikiwa na vitu vitatu au thelathini. Chukua kweri kumi zinazokula muda zaidi, za zamani unazo kwenye ile rekodi uliyoanza nayo, ziendeshe zote na EXPLAIN, amri inayoonyesha databesi itakavyoitekeleza kweri, pembeni ya mpya, kwenye data yenye ukubwa halisi, siyo ile ya testi yenye rekodi ishirini.