Mbao zangu zilivimba mwezi wa nne

Mvua za masika zilikuwa zimekolea. Katikati ya sebule mbao zikajiinua kama mgongo wa paka: ukikanyaga zinashuka, ukitoa mguu zinapanda. Mwanangu wa mwisho alifurahi, akapafanya pa kurukia. Mimi nilikuwa nahesabu hela zilizolala pale chini.

Sakafu yenyewe ni ile wanayoita inayoelea. Haipigiliwi misumari wala haigundishwi kwenye zege. Mbao zinashikana zenyewe kwa zenyewe, ulimi wa huu unaingia kwenye mfereji wa mwenzake, na sakafu nzima inalazwa juu ya sponji jembamba. Mbao nilizonunua ni za tabaka: juu msaji wa milimita 3, chini mbao za bei nafuu zilizogundishwa nyuzi zikipishana ili zisipindane. Ukitaka mninga mzima mzima, tafuta fundi wa kuupigilia, huu mtindo wa kuelea hauufai mninga.

Sasa kosa lilikuwa wapi? Mbao inakunywa unyevu wa hewani na kutanuka, hasa upande wa upana, na Dar wakati wa masika hewa yenyewe ni kama supu. Ndiyo maana inaachwa nafasi ya milimita 10 hivi kuzunguka chumba chote, hata kwenye nguzo na fremu za milango. Fundi aliiacha kwenye kuta tatu. Ule wa nne, nyuma ya kabati, alizibana mbao mpaka kwenye plasta, kisha akafunika na skatingi, ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta. Zilipotanuka zikakosa pa kwenda, zikaenda juu.

Tulisogeza kabati, tukang'oa skatingi, tukapiga mstari na kukata ukanda mwembamba kwa msumeno wa umeme. Vumbi mpaka kwenye sufuria za jikoni. Kesho yake jioni ule mgongo ulikuwa umelala. Skatingi tuliirudisha kwa misumari inayoingia ukutani. Ukiipigilia kwenye mbao umeifunga sakafu upya.

Chumba cha kulala nilifanya mwenyewe na mdogo wangu, wikiendi moja na nusu. Kwanza nilipima unyevu wa sakafu. Nyumba yetu ni ya chini, na sikuwa na hakika kama waliweka nailoni chini ya zege. Nikakata nailoni angavu ya mita moja kwa mita moja, nikaibandika chini kwa selotepu pande zote nne, nikaiacha siku mbili. Ukikuta matone kwa ndani au zege limekuwa jeusi, usitandike kitu hapo, tafuta maji yanatoka wapi. Yangu ilikuwa kavu, lakini bado nilitanguliza nailoni nzito chini ya sponji. Muda wote huo maboksi ya mbao yalikuwa yamelazwa chumbani humo humo yazoee hewa.

Halafu usawa. Weka chuma kilichonyooka cha mita 2 juu ya niru, ule uso laini wa saruji. Pakiwa na bonde linalozidi milimita 3, jaza. Usipojaza, mbao zitakuwa zinalia kila ukipita usiku kwenda chooni.

Pima upana wa chumba kabla ya kukata ubao wa kwanza. Sisi hesabu ilionyesha mstari wa mwisho ungebaki na sentimita 2, kitu ambacho hakishikiki, basi tukapunguza mstari wa kwanza ili mwanzo na mwisho vilingane. Maungio ya ncha za mbao, mstari mmoja na unaofuata, yapishane angalau sentimita 30. Kabari zinazoshikilia ile nafasi ya ukutani zisiondolewe mpaka umalize. Na nyundo isiguse ubao: weka kipande cha mbao katikati, gonga hicho. Mdogo wangu alisahau mara moja tu, na ule ulimi uliovunjika bado tunao stoo.

Jikoni na bafuni hata sikufikiria. Huko ni marumaru.

Adui aliyebaki ni deki. Mama alipokuja kututembelea, siku ya pili asubuhi nilisikia ndoo inaburutwa kwenye korido. Nikatoka mbio na taulo la kuogea, nikamkuta ameshakunja khanga, ameinamisha ndoo.

"Mama, hii tunafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa."

Akaniangalia, akaziangalia mbao. "Kwa hiyo umeweka sakafu isiyooshwa?"