Swali la lugha: Kiyasi na kiasi

Swali: Mwalimu wetu wa dini aliandika ubaoni "hukumu kwa kiyasi". Mwenzangu anashikilia kuwa ni kosa la tahajia, ilipaswa kuwa "kiasi". Yupi yuko sahihi?

Jibu: Mwalimu hakukosea, ila mwenzako naye kagusa jambo. Maneno haya ni ndugu, baba mmoja mama mmoja: yote yametoka kwenye Kiarabu, qiyās, yaani kupima kitu kwa kingine. Ile q kwetu imekuwa k, kama kwenye kalamu na kadhi.

Mpelekee fundi cherehani kitambaa pamoja na kanzu yako ya zamani. Hatahangaika kukupima mabega. Ataitandaza kanzu juu ya kitambaa, apitishe chaki pembezoni mwake, kisha akate. Hapo amefanya kiyasi.

Wanazuoni wa fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, wakalipa neno hilo kazi nzito zaidi. Imamu Shafii, aliyefariki Misri mwaka 820 na ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu, alikiweka kiyasi nafasi ya nne katika vyanzo vya sheria, baada ya Qur'ani, Sunna na ijmai, yaani makubaliano ya wanazuoni. Hadithi inamkataza kadhi kuhukumu akiwa na hasira. Njaa kali haikutajwa. Lakini sababu ya katazo ni kutotulia kwa akili, na njaa kali nayo huivuruga akili, hivyo ikapewa hukumu ileile. Tazama vizuri: hasira na njaa hazifanani kwa sura, zinakutana kwenye sababu tu. Ndiyo maana naumia nikisoma kiyasi kikiitwa tashbihi. Tashbihi hupamba usemi. Kiyasi hutoa hukumu.

Mtaani kumebaki upande wa kipimo: weka sukari kiasi, ni kiasi gani, mtu wa kiasi. Ukijenga hoja ya kawaida, nje ya fiqhi, andika mlinganisho, nawe utaeleweka na kila msomaji.

Wanaisimu wana analojia, kwa maana yao mahususi: neno kufuata mkondo wa maneno mengine. Ki ya qiyās haikuwa kiambishi, ni sehemu ya neno lenyewe. Masikio yetu yakaisikia kama ki ya kiti na kisu, tukasema kiasi hiki, viasi hivi. Kitabu kilipita njia hiyohiyo, na hata kiplefti cha barabarani, kutoka Kiingereza "keep left", kikazaa viplefti. Kwa hiyo kiasi, mtoto wa qiyās, kilipata wingi wake kwa analojia.