Baba watoto anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta

SWALI: Mama Muganga, salamu. Tunaishi Kadutu, nyumba ya mbao. Baba watoto anakoroma mpaka jirani anagonga ukuta. Anauza viatu sokoni. Jioni anapitia kwanza kwenye kasiksi, ile pombe ya ndizi, na wenzake, akifika anakula bugali na sambaza, kisha chali kitandani. Mchana anasinzia hata mteja akiwa mbele yake. Shemeji anasema nimtilie mafuta puani. Nifanyeje? – Mama wa Kadutu, Bukavu

JIBU: Mafuta hapana, mama. Yakiteleza mpaka mapafuni yataleta ugonjwa mwingine kabisa. Shemeji umwambie Muganga amekataa.

Tuanze na hiyo chali. Mtu akilala hivyo ulimi unarudi nyuma, nyama za koo zinalegea, njia ya hewa inabanwa. Hewa ikilazimisha kupita, kilimi na nyama zilizo karibu nacho zinatetemeka, na hiyo ndiyo kelele yenyewe. Alale ubavu. Najua, atalala ubavu ukimtazama, usiku wa manane amejigeuza. Basi chukua fulana kuukuu, shona mfuko mgongoni katikati ya mabega, utie mpira wa matambara wa watoto. Akigeuka, mpira utamrudisha. Atanung'unika, mwache anung'unike.

Pombe nayo inalegeza koo kupita kiasi. Simkatazi wenzake, ila aache kunywa masaa 3 au 4 kabla ya kulala, na bugali naye ale mapema. Kama amenenepa shingo, akipungua kidogo utasikia tofauti. Mito usimrundikie, inakunja shingo. Afadhali matofali chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwa. Na jiko la makala lisilale ndani na ninyi: moshi unaziba pua, na hewa yake inaua watu usingizini.

Lakini kilichonishtua katika barua yako ni kule kusinzia mchana. Usiku mmoja kaa macho umsikilize. Je, kukoroma kunakatika, kimya, halafu anashtuka akitafuta hewa kama mtu aliyeibuka majini? Kama ni hivyo, pumzi inasimama usingizini, na fulana haitoshi. Mara nyingi hali hiyo inatembea pamoja na presha, na moyo unachoka. Mpeleke hospitali, wampime, na kwa sasa asiendeshe pikipiki. Uingie naye kwa daktari, mama. Ukimwacha peke yake atasema analala vizuri sana, maana yeye hajawahi kujisikia.