Moshi Uje Mwisho: Maneno kwa Waonjaji Wapya wa Wiski ya Kimea

Wadogo zangu mliojiunga na meza yetu hapa Edinburgh msimu huu, Jumamosi iliyopita mlinitesa. Nilimtazama mmoja wenu akiifungua jioni kwa Laphroaig, wiski ya moshi mzito ya kisiwa cha Islay, akaitikisa bilauri kama anayesukutua chupa ya maziwa, akazamisha pua yote ndani, akatokwa na machozi, kisha akatangaza kwamba wiski ni gongo lililovalishwa suti. Nilinyamaza, kwa sababu miaka kumi na mmoja iliyopita niliyafanya hayo yote, pamoja na jingine baya zaidi ambalo nitaliungama hapa chini.

1. Nuseni kwanza, tena kwa adabu. Pua ikae ukingoni mwa bilauri, midomo iwe wazi kidogo, na msivute pumzi kama mnaotaka kupiga mbizi. Wachanganyaji wa viwandani huzimua sampuli hadi asilimia 20 hivi ya pombe na kuimaliza kazi kubwa kwa pua, bila kumeza. Manukato yabaki nyumbani. Mgeni wetu mmoja kutoka Unguja alikuja na nguo zilizofukizwa udi, na kwa nusu saa nzima tukausifia moshi wa Auchentoshan, wiski ambayo hata haifahamiani na moshi. Aliyeongoza sifa hizo, msiulize, ni mimi.

2. Msiyaogope maji. Mwaka 2017 watafiti wa Sweden walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba wiski inapozimuliwa, guayakoli, ambayo ni moja ya viini vya harufu ya moshi, husogea kuelekea juu ya kinywaji, mahali pua inapongoja. Ongezeni tone kwa tone, hasa kwa wiski ya nguvu ya pipa, yaani iliyotiwa chupani bila kuzimuliwa, kwa kuwa maji yakishaingia hayatoki. Barafu hufunga harufu, basi iacheni kwa ajili ya soda.

3. Rangi isiwadanganye. Kanuni za Uskoti za mwaka 2009 zinadai pipa la mwaloni lisilozidi lita 700, miaka isiyopungua 3, na nguvu isiyopungua asilimia 40, lakini zinaruhusu pia kutiwa rangi ya karameli. Kwa hiyo anayeinua bilauri kwenye taa na kutamka “sheri”, yaani pipa lililowahi kubeba mvinyo huo wa Hispania, kabla ya kunusa anasoma rangi tu, na huenda rangi yenyewe imetiwa kwa kijiko. Namba ya umri ni ya wiski changa kuliko zote zilizomo chupani. Ile ya fenoli, viini vya moshi, ambayo vijana mnashindana nayo kama mabao, hupimwa kwenye kimea kabla ya kukenekwa, wala haisemi mengi juu ya kilichobaki ndani ya bilauri yenu.

4. Mpangilio. Hapa mnivumilie, maana hapa ndipo ninapoumia. Kanuni mnaijua: nyepesi kwanza, nzito baadaye, nguvu ndogo kabla ya kubwa, moshi mwisho. Mimi pia niliijua. Katika mwaka wangu wa pili, mzee aliyekuwa akitufundisha alitimiza miaka 70, akaniomba nimwandalie jioni yake nyumbani kwangu. Alinikabidhi Rosebank ya miaka 12, ile ya asilimia 43, iliyokuwa imebaki robo chupa. Hiyo Rosebank hamhitaji kusimuliwa: kiwanda cha Falkirk kilichokuwa kikikeneka mara tatu, kikafungwa mwaka 1993, na wakati ule hakuna yeyote mezani kwetu aliyetarajia kwamba mitambo yake ingewashwa tena. Mzee aliinunua dukani siku ambazo bado ilikuwa chupa ya kawaida, akawa anaipunguza kidogo kidogo, kama bibi anavyoitunza asali ya dawa. Robo chupa ni mililita 175, nasi tulikuwa watu saba, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na mililita zake 25 na chupa ingekwisha hapo.

Basi mimi, mpenda maonyesho, nikajiambia kwamba kanuni zimewekwa kwa ajili ya wasiojua, na kwamba wageni wanapaswa kuamshwa kwanza. Nikaanza na Ardbeg Uigeadail ya asilimia 54.2, nikaifuatisha na Lagavulin, zote za moshi mzito, nikahubiri peti, ule udongo wa kinamasi unaochomwa kukaushia kimea, na mawimbi ya Islay kwa sauti ya mzaliwa wa kisiwa, ilhali hata feri ya kwenda huko sijawahi kuipanda. Kisha nikaimimina Rosebank, iwe kilele. Kukawa kimya, nami nikadhani ni kimya cha heshima. Mmoja akasema, kwa upole, kwamba ni laini kama maji. Mwingine akauliza kama chupa imepooza kwa kukaa wazi mno. Mzee alinusa, akaonja, akanusa tena, akaiweka bilauri mezani ikiwa na tone chini, akashukuru kwa jioni njema. Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na laiti angenilaumu. Ndimi saba zilikuwa zimekwisha kufungwa na moshi na pombe kali, na wiski aliyoitunza miaka yote ile ikapita kooni kama maji ya bomba. Usiku huo nililala nikijiambia kwamba kweli chupa ilikuwa imepooza. Niliuamini uongo huo hadi asubuhi, na nitawaeleza ulivyonitoka.

5. Msikariri maneno ya vitabu vya kuonja. Wengi wenu mnaandika “maua ya hedha”, vile vichaka vya nyika za Uskoti, na hamjawahi kuyakanyaga. Pipa la baboni, wiski ya Marekani, likiwapa nazi, andikeni nazi, kwa sababu imo kweli ndani ya mwaloni wa Marekani. Karafuu pia imo mwaloni, na hakuna Mskoti anayeitambua haraka kuliko mtoto wa Pemba. Mapipa ya sheri mimi huyaandikia tende na halua, Laphroaig naiandikia bandeji za zahanati, na sijawahi kusahihishwa. Nilipofika hapa mara ya kwanza walinieleza kimea kwa subira kubwa, mimi niliyekulia Marangu, nyumba ambayo ulezi ulianikwa uote kwa ajili ya mbege. Niliwaacha wamalize.

6. Chupa isimamishwe, isilazwe kama ya mvinyo, kwani pombe kali huila kizibo. Tangu Desemba 2014 kipimo cha pombe kwa dereva wa Uskoti ni kidogo kuliko cha Uingereza, kwa hiyo njooni kwa basi.

7. Msioshe bilauri usiku uleule. Pombe ikishakauka, yale iliyokuwa ikiyafunika hubaki chini ya bilauri peke yake, na mara nyingine hapo ndipo mnapoifahamu wiski mliyodhani mmeimaliza. Asubuhi ile nilikuwa jikoni nikiosha vyombo, nimekwisha fika mwisho, nikainua bilauri ya mzee na kuinusa kwa mazoea tu. Ilijaa maua, nyasi mbichi na ganda la limau. Nikaifunika kwa kisosi, nikapanda basi nikiwa nimeipakata kama yai, nikabisha hodi kwake. Alinusa muda mrefu, amesimama mlangoni na kandambili zake, amefumba macho. Kisha akaniuliza zile sita nyingine ziko wapi.

Nilikuwa nimeziosha.