Mti, benchi au daftari?

Mwanangu mpendwa,

Pole tena kwa msiba. Umeniuliza bodi yenu ya bustani ya mimea imuenzi vipi mjumbe mwenzenu aliyefariki, maana kikao kimegawanyika: wengine wanataka mti, wengine benchi lenye jina lake, na wewe ndiye umeachiwa kuandika pendekezo. Katika barua yako nimekwama kwenye ile sentensi uliyoichomeka pembeni, kwamba marehemu alikuwa akiwahi kikao ili azunguke bustani na penseli yake, akiandika upya vibao vilivyofifia. Mimi ningeanzia hapo.

Mzee huyo alijua anachofanya. Wino mwingi hupaushwa na jua, penseli hudumu. Na kibao cha mmea si pambo. Kina jina la kisayansi, jamii ya mmea, asili yake, na namba inayokupeleka kwenye daftari la usajili: mmea ulitoka wapi, nani aliukusanya, lini, ulikuja kama mbegu au kipandikizi. Kibao kikianguka na daftari likatelekezwa, mnabaki na kivuli. Kizuri, sikatai, lakini kivuli hata bustani ya kupumzikia inacho.

Kwa hiyo pendekezo langu ni mfuko wenye jina lake wa kugharimia vibao na daftari. Fedha ya msingi isiguswe, itumike faida yake tu. Najua haipigiki picha, na kuna wajumbe watakaonuna kwa sababu hiyohiyo. Waulize nani anaandika vile vibao tangu mzee aondoke. Kama hakuna, hoja yako imeshapita nusu.

Mti nao sina ugomvi nao, ila miti ya kumbukumbu hufa sana, na hufa kwa sababu zilezile. Watu huchagua mche mkubwa ili siku ya kupanda upendeze, kumbe umekaa kiribani hadi mizizi imejiviringa. Ukiuweka ardhini hivyo hivyo, mizizi inaweza kuendelea kuzunguka na mwishowe kuukaba mti wenyewe. Wanaufukia shina, wanarundika matandazo hadi kwenye gome, linaoza. Halafu hotuba zinakwisha, kila mtu anakwenda zake, na hakuna aliyepangiwa kumwagilia. Fikiria mjane akija kuutazama akute kijiti kikavu chenye jina la mumewe.

Mkiamua kupanda, pandeni mche mdogo, mwanzoni mwa mvua, tako la shina lionekane juu ya udongo, na kumbukumbu za kikao zitaje nani atamwagilia misimu ya kiangazi ya mwanzo. Aina ya mti aichague mkuu wa watunza bustani, si mwenyekiti. Kibao kisipigiliwe misumari kwenye shina. Kisimikwe kando, maana mti ukinenepa hukimeza.

Benchi nalo lina umri wake. Andikeni tangu sasa litakaa miaka mingapi, na likioza nani ataamua kama litengenezwe. Familia isije ikagundua yenyewe kwamba limeondolewa.

Kuna jambo moja ambalo hunifikirisha. Katika bustani ya mimea ya Padua, Italia, iliyoanzishwa mwaka 1545, upo mti wa jamii ya minazi na mitende uliopandwa mwaka 1585 na bado uko hai. Unajulikana kwa jina la Goethe, mshairi Mjerumani aliyeutembelea mwaka 1786 na kuuandika, takriban miaka 200 baada ya kupandwa. Mgeni ndiye aliyepata jina. Waliokuwa wakiumwagilia miaka yote hiyo hawatajwi. Marehemu wenu, kwa jinsi unavyomweleza, alikuwa wa kundi hilo la pili, ndiyo maana nakusihi msimfanyie heshima ya mgeni.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa mjane na watoto. Usiende na uamuzi mkononi, nenda kuuliza. Pengine hawataki jina lake litundikwe popote. Wakikubali, bodi ipitishe azimio la shukrani linalosema alichofanya hasa, penseli ikiwemo, badala ya "mchango wake mkubwa" ambao kila marehemu husifiwa nao. Nakala ipelekwe nyumbani kwao kwa mkono, isitumwe.

Na jina, kabla halijachongwa popote, mjane alisome kwanza herufi kwa herufi.

Mama yako