Barua kwa mwanangu: huyo mshauri wenu na vayolini ya mtoto

Mwanangu,

Huku salama, babako anaendelea na dawa zake na mvua imetuandama wiki yote. Voisi yako nimeisikiza. Unasema yule mshauri mnayemlipa hapo New Jersey awasaidie na maombi ya vyuo amemwambia binti aache vayolini na klabu ya hesabu, na ikiwezekana asigusie kabisa habari za Uhindi, manake ati faili lake linafanana na la Waasia wote. Sasa wataka kujua ni kweli wanabaguliwa ama huyo mtu anatafuta pesa. Mimi naona yote mawili.

Unanijua mamako na kesi, ile ya chuo cha Harvard kushtakiwa kwamba kinawabagua waombaji Waasia niliifuata mpaka ikaisha. Ilifunguliwa 2014, ikasikizwa Boston 2018, ikaishia Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023. Harvard walikua wanampa kila mwombaji maksi za masomo, za michezo, za shughuli za nje ya darasa, halafu kuna maksi ya hulka, yaani huyu mtu ni mkarimu, ni jasiri, anapendeka. Waasia kwenye masomo walikua juu ya wote, kwenye shughuli pia hawajambo, kufika kwenye hulka wanashuka. Lakini hebu ona hii: wale wahitimu wa zamani waliokaa na watoto uso kwa uso wakawahoji, wao waliwapa maksi za hulka zinazokaribiana na za Wazungu. Waliowashusha ni maofisa wa ofisini, ambao wengi wa watoto hao hawajawahi kuwaona, wamesoma faili tu.

Yaani hajakuona, ameona jina, akaona hesabu, akaona baba injinia, basi kashamaliza: mkimya, wa kukariri, hana lake, mamake ndo anamsukuma. Sie hii si ngeni kwetu. Mimi nimezaliwa Mombasa na mamangu kazaliwa Mombasa na bado mtu akiniona sokoni anajua nina duka na nina pesa nimezifungia mahali. Ila mimi naongezewa bei ya nyanya tu, mtoto huyo ni chuo.

Jaji Allison Burroughs, aliyeisikiza kesi pale Boston, mwaka 2019 aliwapa Harvard ushindi, hakuona ubaguzi wa makusudi. Lakini alikubali huenda kuna upendeleo ambao mtu mwenyewe hajui anao, na kwamba tofauti ile ya hulka huenda kwa sehemu ilitokana na barua za walimu na washauri wa shule. Hapo ndo pa kushughulika nyinyi! Mwalimu akiandika "mtulivu, ana bidii, kazi zake huleta kwa wakati" basi amemzika mtoto na anadhani amemsifu. Akaombe barua kwa mwalimu anayebishana naye, yule wa historia mliyesema humfukuza darasani kengele ikilia kwa vile hataki kunyamaza.

Na si Waasia walioanza nalo. Miaka ya 1920 Wayahudi walikua wengi Harvard, rais wa chuo wakati huo, Lowell, 1922 akataka wawekewe kikomo cha asilimia 15, watu wakapiga kelele, basi kufika 1926 wakaanza kupima tabia za waombaji na Wayahudi wakapungua bila mtu kutaja kikomo.

Kitu ambacho sitaki kukisikia kwako, na shemejiyo kashanitumia hizo video zake, ni kwamba Weusi ndo wamechukua nafasi zetu. Kwenye kesi hiyohiyo ilionekana zaidi ya asilimia 43 ya Wazungu waliokubaliwa walikua wachezaji waliosajiliwa, watoto wa waliosoma hapo, watoto wa wafanyakazi wa chuo, au waliomo kwenye orodha ya mkuu wa udahili, ambayo watoto wa wafadhili hawakosekani. Kwa Weusi, Walatino na Waasia haikufika 16. Mlango wa nyuma uko wazi na anayepita mnamuona, mnagombana na mliopanga naye foleni.

Halafu uamuzi wa 2023, Mahakama ya Juu ilipowageuzia Harvard na kukataza vyuo kuchagua wanafunzi kwa rangi, haukunyoosha kila kitu. Chuo cha MIT Waasia walipanda kutoka asilimia 40 hadi 47 mwaka uliofuata, chuo cha Yale wakashuka kutoka 30 hadi 24. Sasa mshauri anayewaahidi chochote ameitoa wapi hiyo?

Maofisa siku hizi hawaonyeshwi mtoto ametia alama kabila gani, lakini jina la babake liko pale juu ya fomu, sa atalificha vipi? Na Jaji Mkuu wa Marekani, Roberts, mwenyewe aliandika kwamba uamuzi huo hauvikatazi vyuo kuzingatia mwombaji anavyoeleza jinsi rangi yake ilivyomgusa maishani. Kwa hivyo aandike akitaka, habari ya kuwa Mhindi anayegombana na nyanyake kwa Kiswahili kwenye simu, hiyo haifanani na ya mtu mwingine hapo New Jersey.

Vayolini muulize yeye. Akiwa anaichukia aiache leo, mimi mwenyewe zile sauti nimezivumilia. Akiwa anaipenda aipige. Na huyo mshauri kama pesa yake hairudishwi mpeni kazi ya kusahihisha koma.

Mamako