Nimechora katuni, mfanyabiashara anataka "haki zote" kwa milioni mbili: nisaini?

Msomaji wa Kikuyu hapa hapa Dodoma ameniuliza hivi: yeye na mwenzake wametengeneza katuni ya watoto, vipindi sita, sungura anaishi ndani ya mbuyu, na mfanyabiashara wa Majengo anayeshona mabegi ya shule ameipenda anawapa milioni mbili taslimu wasaini karatasi kwamba haki zote zinakuwa zake. Anataka kujua studio za nje wanafanyaje, na hiyo hela ni nzuri?

Mdogo wangu hongera sana, ila usisaini bado. Tatizo sio milioni mbili, tatizo ni hayo maneno mawili, "haki zote".

Studio zinazojua kazi hazimuuzi mhusika, zinampangisha. Ni kama mwenye nyumba Area C, chumba hiki mpangaji huyu, kile yule, kila mkataba una tarehe ya kuisha na nyumba inabaki yake. Leseni inataja bidhaa gani, eneo gani na muda gani, basi, kwahiyo mtu wa mabegi hana ruhusa ya kugusa chupa za maji wala fulana, hizo unampa mwingine. Mickey Mouse alitoka 1928, na kufika 1932 Walt Disney akamkabidhi Kay Kamen, mtu wa matangazo, kazi ya kusimamia leseni, mwaka uliofuata zikaingia sokoni saa za mkononi za Mickey zilizotengenezwa na kampuni ya saa ya Ingersoll, yani Disney hakujenga kiwanda cha saa, aliruhusu tu na akalipwa.

Na wanalishikilia hili kwa nguvu kwa sababu hela ya televisheni mara nyingi hairudishi gharama ya kuchora, wewe mwenyewe unajua dakika moja ya katuni inakula siku ngapi. Wengine wanaanzia kwenye midoli kabisa, kampuni ya midoli ya Mattel walitoa midoli ya shujaa anayeitwa He-Man 1982 alafu katuni ya televisheni ikafuata 1983.

Sasa hela. Anayepewa leseni analipa mrabaha, asilimia ya mauzo yake kwa bei ya jumla, na kwa wahusika wa katuni mara nyingi inacheza kati ya 5 na 15. Tuseme begi linatoka kwake kwa jumla sh 15,000 na mmekubaliana asilimia 8, hapo una sh 1,200 kwa kila begi. Akiuza mabegi 5,000 ni milioni sita. Alafu kuna kitu kinaitwa kiwango cha chini cha uhakika, analipa mwanzoni na kinakatwa kwenye mrabaha wako kadiri anavyouza, akiuza kidogo harudishiwi. Kwahiyo ile milioni mbili yake usiikatae! Mwambie iwe ndio hicho kiwango cha chini, ya miaka miwili, mabegi tu, Tanzania Bara tu. Kwenye mfano wetu hapo bado anakudai... hapana, wewe ndio unamdai milioni nne.

Kitu ambacho wachoraji wetu wanakisahau ni kuidhinisha sampuli. Studio inatoa kitabu cha mwongozo, rangi kamili za mhusika, sura za pembeni na za mbele, vitu asivyotakiwa kufanya, na kiwanda hakianzi kuzalisha mpaka sampuli ipite. Nina mteja aliruka hiyo hatua, akaja kuniletea begi mezani: masikio ya mhusika wake yamekuwa ya zambarau, jicho moja limeliwa na zipu, nikapitisha kidole juu ya picha rangi ikabaki kidoleni. Mzazi akinunua lile begi hamlaumu fundi, analaumu katuni. Mkataba haukumpa nguvu ya kusimamisha chochote, iliniuma sana kumwambia hivyo.

Weka pia ripoti ya mauzo kila miezi mitatu, haki ya kukagua vitabu vyake, na mkataba ukiisha apewe mfano siku 90 za kumaliza stoo, baada ya hapo hata begi moja asiuze.

Kabla ya yote hayo, wewe na mwenzako mna maandishi kuhusu nani anamiliki nini? Aliyeingiza sauti ya sungura je, aliyetengeneza muziki? Hata mnunuzi wa nje swali lake la kwanza ni hilo, kaeni muandikiane wiki hii. Hakimiliki mnayo tangu mlipochora ila sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki, mpate ushahidi. Jina na sura ya sungura ni alama ya biashara, hiyo ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unaomba mtandaoni kwa daraja, yani kundi la bidhaa: mabegi yako daraja la 18, chupa za maji la 21, nguo la 25, usajili wa kwanza unadumu miaka 7 alafu unahuisha kwa miaka 10. Zanzibar wana usajili wao.

Na hiyo ya BRELA ifanye kabla hujarudi Majengo kuongea naye, maana akitangulia yeye kuomba hilo jina, utaanza kupigania sungura wako mwenyewe na gharama utalipa wewe.